Majibu Yaliyosomwa Bwaloni

Majibu yalisomwa bwaloni saa ya chai, mbele ya watu arobaini waliokuwa wanatafuna.

Mpimaji alifika kiwandani saa moja asubuhi na kisanduku chake. Mwenye kiwanda cha mikate alikuwa amemkodi apime afya za wafanyakazi wote. Alitoboa vidole, akadondosha damu kwenye vipande vya plastiki, akavipanga kwenye trei ileile ya kubebea mikate. Saa nne alimkabidhi msimamizi karatasi. Msimamizi, mtu wa sauti kubwa hata anapoomba chumvi, akapanda juu ya kreti na kuisoma.

"Wawili wanaishia leo. Mama Pacha wa meza ya kukandia, na Kicheko wa kufungasha. Wana kaswende. Hiki ni kiwanda cha chakula, jamani, hatuwezi kucheza na afya za watu. Chukueni vitu vyenu."

Mwanamke aliyekaa ubavuni kwa Mama Pacha akasogeza kikombe chake pembeni, taratibu, kama mtu anayedhani haonekani. Miaka tisa walikuwa wamekanda unga kwenye meza moja.

Mama Pacha akainuka, akamfuata mpimaji. "Hebu nipime tena. Huo ugonjwa niliupata zamani, nikachomwa sindano, nikapona."

"Mistari miwili ni mistari miwili, mama." Hakuinua hata macho. Alikuwa anafunga kisanduku. "Kipimo hakina undugu na mtu."

Nyuma yao mtu akanong'ona kwamba leo unga umemwagika kweli, na wawili watatu wakacheka. Kicheko, binti aliyepewa jina hilo kwa sababu hapakuwa na kitu kisichomchekesha, hakucheka. Alivua kofia ya kazi, akaiacha mezani, akatoka mbio kupitia mlango wa magari. Mama Pacha alipofika nje, binti alishapotea.

Nyumbani alimkuta mumewe kibarazani, ameinamia friji ya mteja, bisibisi mdomoni. Alimweleza yote akiwa bado amesimama. Mume akatoa bisibisi mdomoni.

"Tena?" akasema.

Neno moja tu, lakini lilimchoma Mama Pacha kuliko yote aliyoyasikia bwaloni. Miaka kumi na moja nyuma, alipokuwa na mimba ya pacha wao, muuguzi wa kliniki ya wajawazito aliugundua ugonjwa huo. Walichomwa wote wawili, sindano tatu tatu, kila wiki moja, zile za matakoni zinazomfanya mtu mzima atembee kama bata. Muuguzi aliwaambia kumtafuta aliyeuleta hakutamponya yeyote. Wakarudi nyumbani, wakalifunga hilo swali, na pacha wakazaliwa wazima, wenye makelele. Sasa neno "tena" lilikuwa limelifungua upya.

"Kesho tunaenda hospitali," Mama Pacha alisema. "Wote wawili. Na wewe utatobolewa kidole."

"Mimi? Mimi sina kitu."

"Hayo tutayaona huko."

Maabara ilikuwa chumba cha mwisho kwenye korido, harufu ya spiriti imejaa mpaka mlangoni. Mtaalamu wake alikuwa mwanamke mnene, miwani imefungwa kwa uzi shingoni. Aliwasikiliza, akawatoboa vidole, akaweka vipande viwili vya plastiki mezani mbele yao, chini ya saa ya ukutani. Baada ya robo saa, cha Mama Pacha kilikuwa na mistari miwili. Cha mumewe pia.

Mume akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Haiwezekani! Mke wangu, naapa, mimi sijatoka nje! Hiki kitu kibovu!"

Mama Pacha alimtazama, hakupepesa macho. "Tena?" akamuuliza.

Mume akarudi kitini polepole.

"Tulia, shemeji, usijimalize," mtaalamu alisema, akicheka kidogo. "Hiki kipimo cha haraka hakitafuti vijidudu vyenyewe. Kinatafuta kinga ambayo mwili uliitengeneza ulipopambana navyo. Wengi hubaki na alama hiyo maisha yao yote, hata wakipona kabisa. Kwa hiyo mtu aliyewahi kutibiwa tunampima kwa njia ya pili."

Akawatoa damu mkononi, akaizungusha kwenye mashine mpaka maji ya njano yakajitenga juu. Akadondosha tone la kila mmoja kwenye kadi nyeupe yenye miduara, akaongeza dawa yenye chembe nyeusi, akaiweka kadi kwenye kifaa cha kuitikisa. Ugonjwa ukiwa hai, alisema, chembe hugandana. Dakika nane baadaye aliwaonyesha miduara yao. Rangi ilikuwa ya kijivu, laini, bila donge hata moja.

"Mlipona zamani, na mpaka leo ni wazima."

Mume akashika tama. "Nisamehe, Mama Pacha."

"Tutaongea nyumbani."

Mtaalamu alikuwa ameanza kuandika barua ya kuthibitisha kwamba Mama Pacha ni mzima. Akaweka kalamu chini. "Huyo aliyekupima hakufanya hiki cha pili?"

"Hakufanya. Nilimwambia nilitibiwa, hakutaka kusikia."

"Na alikuelekeza uende wapi kutibiwa?"

"Tuliambiwa tuchukue vitu vyetu."

"Tuchukue? Mlikuwa wangapi?"

Hapo Mama Pacha akainuka kitini. Tangu jana alikuwa anapigania jina lake, na hajamfikiria Kicheko hata mara moja.

Alimpata jioni ileile, nyuma ya karakana ya kuchomelea mageti, kwenye chumba chenye dirisha lililozibwa na kadibodi. Kicheko alikuwa amelala amejifunika, macho yamevimba. Alipokaa, shuka ikateleza, na Mama Pacha akaona tumbo ambalo aproni ya kazi ilikuwa imelificha miezi mitano.

"Mungu wangu. Nani anajua?"

"Hakuna. Mama Pacha, mimi nimeoza?"

"Nani kakwambia umeoza?"

"Sijui. Nilisikia tu jina. Nilidhani huo ndio mwisho, hauna dawa." Akanyoosha viganja. "Mwaka juzi nilitoka vipele hapa, na miguuni. Vikaisha vyenyewe. Nilidhani ni sabuni ya kuoshea trei."

Mama Pacha alimeza maneno mengi machafu. Akamshika mkono. "Kesho asubuhi uwe umeoga. Nakuja kukuchukua, mdogo wangu."

Safari hii chembe nyeusi ziligandana zilipokutana tu na tone la Kicheko. Mtaalamu akalipunguza nguvu kwa maji ya chumvi mara mbili, mara nne, mara nane, kuona ugonjwa una nguvu kiasi gani. Alipofika thelathini na mbili bado zinagandana. Akavua miwani, akaisugua kwa hasira kwenye koti mpaka uzi ukakatika.

"Mtoto yumo tumboni," alisema. "Bila dawa anaweza kufia humo, au azaliwe mgonjwa. Na mtu mwenye koti jeupe ameona mistari hii, akafunga kisanduku chake, akaenda zake! Hata mwongozo hakumpa. Afadhali asingempima."

"Lakini dawa ipo?" Kicheko aliuliza.

"Ipo. Ni ileile penisilini aliyochomwa mwenzako. Sindano tatu, moja kila wiki, na mwanamume wako naye lazima aje."

Muuguzi alimuuliza kama amewahi kuchomwa penisilini akavimba au akakosa pumzi. Hakuwahi. Sindano ilipoingia, Kicheko alitukana ukoo mzima wa aliyeitengeneza, na muuguzi akasema huyu atapona.

Kesho yake, saa ya chai, Mama Pacha aliingia bwaloni na barua yake. Msimamizi akamwahi mlangoni.

"Karibu ofisini, mama, tuongee taratibu."

"Ofisini kuna nini? Mlinivua nguo hapa, mtanivisha hapa."

Akaisoma barua yote, neno kwa neno, mpaka muhuri. Kisha akaikunja.

"Hayo ni yangu. Ya Kicheko ni yake, na sitayasema, kama ambavyo ninyi hamkupaswa kuyasema. Ila jueni hili: kaswende haiambukizwi kwa mkate. Mtu akiwa nayo anatibiwa, hafukuzwi. Mwaka jana, mlipopima zamu ya usiku peke yake, mliwatoa wangapi kwa namna hii?"



"Watatu," sauti moja ilisema kutoka nyuma.

"Wanne," akasahihisha yule wa kikombe, bila kuinua uso. "Na yule wa oveni."

"Kuna aliyeambiwa aende kutibiwa wapi?"

"Hakuna," akasema yule wa kikombe.

Mwenye kiwanda alimrudisha Mama Pacha kazini baada ya siku mbili, na Kicheko naye akaitwa. Kicheko alikataa, alisema hawezi kusimama tena chini ya ile sauti. Msimamizi hakuomba radhi. Alisema ilikuwa bahati mbaya. Mpimaji naye, walisikia, alikuwa kiwanda cha sabuni cha jirani na kisanduku chake kilekile. Mtaalamu wa maabara aliandika malalamiko kwa wakubwa wa afya, akapewa karatasi ya kuthibitisha kwamba yamepokelewa, na mpaka leo hana jibu lingine.

Mwanamume wa Kicheko alikuja wiki ya tatu, amenuna, akachomwa. Mama Pacha na yule wa kikombe walitumia mapumziko yao kuwatafuta wale wanne. Wawili walikubali kwenda maabara. Wa tatu aliwafungia mlango, akafungua siku ya pili yake. Wa oveni hawakumpata. Chumba chake kilikuwa na mpangaji mwingine, na majirani walijua tu kwamba alihama akiwa na tumbo kubwa.

Mama Pacha alisimama pale uani, akatamka tusi ambalo pacha wake hawajawahi kumsikia akilitamka.