Magaidi Wanane wa Pijo

Chande alishika valvu ya kwanza kwa vidole viwili, akaitikisa ndani ya tundu lake. Ilicheza kama jino la mtoto. Akajaribu ya pili, nayo ikacheza. Zote nane zilicheza, na hakuna aliyeshangaa, kwa maana Pijo, gari la zahanati, lilikuwa likitoa moshi wa buluu tangu Ramadhani.

"Magaidi yamekwisha, sista," alisema.

Gaidi, kwa mafundi wa Ukunda, si mtu. Ni kijibomba kifupi kinachopachikwa kwenye kichwa cha injini, na ndani yake mguu wa valvu hupanda na kushuka. Chande alijifunza neno hilo ujanani katika gereji ya Mhindi mjini Mombasa. Mhindi alikuwa amelichukua kwa Mzungu aliyesema 'guide', na kila lilipobadilisha mdomo lilipoteza kitu. Miaka thelathini sasa hakuwa na jina jingine la kukiita kitu hicho.

Mbodze, muuguzi wa zahanati, alikuwa ameketi kwenye tairi kuukuu tangu saa moja asubuhi. "Fundi mmoja aliniambia usage viti tu, ufunge, twende zetu."

"Huyo si fundi, ni adui yako." Chande alipitisha kidole kwenye kiti cha valvu, ile pete ambayo valvu huikalia ikifunga. "Kiti hufuata gaidi. Gaidi likilegea, kiti utakisaga kiende upande. Valvu haitaketi sawasawa, na gari litakufia kilima cha kwanza."

"Basi leo ndiyo nimefahamu mambo ya bunge," Mbodze akasema, na wote wawili wakacheka.

Kicheko hakikudumu. Kesho yake, Jumamosi, ilikuwa siku ya chanjo. Mwezi uliopita surua ilikuwa imezika watoto watatu kule bara, na tangu mvua za El Nino gari lililokuwa likileta chanjo lilikuwa haliji tena. Zahanati ilikuwa na Pijo hilo moja. Alfajiri lilipaswa kwenda hospitali kubwa kuchukua dawa ndani ya sanduku la barafu, na kina mama walikwisha kuambiwa waje. Wengine wangetoka makwao usiku kwa miguu.

"Litakuwa tayari?" Mbodze aliuliza.

"Magharibi litakuwa linanguruma. Magaidi mapya yako Mombasa, Alfani amekwisha kuyakereza. Nayafuata sasa hivi. Wewe niwekee barafu ya wauza samaki kwenye karai, na umwambie jirani asizime tanuri lake la mikate."

Kazi yenyewe aliijua kama mfuko wake. Kichwa kinatiwa moto kitanuke, magaidi yanalazwa kwenye barafu yasinyae, na yakigongwa yanaingia bila kupasua kitu. Kisha viti vinakatwa upya, valvu zinapakwa dawa ya kusagia na kupekechwa baina ya viganja, kulia kushoto, kama wazee walivyopekecha moto. Mwisho anamimina mafuta ya taa juu yake na kungoja. Lisipovuja hata tone, basi.

Chande hakumkuta Alfani mkereza. Ilikuwa Ijumaa, amekwenda msikitini mapema, na mzigo ameuacha kwa muuza kahawa wa jirani: vijibomba vinane vya shaba vinavyong'aa, vimefungwa kwenye gazeti pamoja na kijibarua. Alfani alikuwa mtu wa mzaha, na hakuweza kumwachia mtu msumari bila kuuandikia maneno.

"Ndugu Chande. Magaidi wako wanane hawa hapa, wanne wa kuingiza na wanne wa kutoa. Walaze kwenye barafu. Kichwa kikishika moto, wagonge waingie mmoja mmoja. Usiwacheleweshe wasije wakakwama. Alfani."

Chande alicheka peke yake, akakirudisha kijibarua palepale kwenye gazeti. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake.

Akirudi kwa matatu, ng'ambo ya Likoni, kwenye kizuizi cha polisi, abiria waliteremshwa wapekuliwe. Tangu zile vurugu za mwaka wa tisini na saba ilikuwa hivyo, na huu ulikuwa mwaka wa tisini na tisa. Koplo aliyefungua gazeti aliitwa Cornelius, kijana wa bara. Alisoma kijibarua midomo ikimchezacheza, kisha akarudi nyuma hatua moja.

"Sajini! Kuja uone hii maneno!" Akamgeukia Chande. "Mzee, hawa magaidi nane wako wapi?"

"Ndio hao, afande, umewashika mkononi."

"Usinichezee. Hii si ni maganda ya risasi?"

"Ganda la risasi lina kitako. Hebu chungulia hapo, utaniona mimi upande wa pili."

Koplo alichungulia kweli, akamwona. "Na kichwa? Ni kichwa ya nani inashika moto?"

"Cha Pijo la zahanati, baba. Hebu nipe biki yako." Chande aliitia kalamu ndani ya kijibomba, akaipandisha na kuishusha. "Hii ndiyo valvu. Hili ndilo gaidi. Ni jina tu la gereji."

Tusimsingizie ushujaa: Chande aliogopa. Mwaka ule wa vurugu walimchukua kwake na kumweka ndani siku kumi na moja, na alipotoka hakuambiwa alikuwa na kosa gani. Tangu hapo sauti ya buti ikimpita nyuma hukata maneno.

Cornelius alianza kuelewa. Hata alitabasamu. Lakini sajini alikwisha kufika, mtu mzima wa miwani, aliyesoma Kiswahili cha shule na kujivunia.

"Mzee wangu," alisema kwa upole, "hapa pameandikwa 'wanane'. Vingekuwa vyuma, angeandika 'manane'. Magaidi manane, yalaze, yagonge. Huyu ameandika wanane, walaze, wagonge. Wanane ni watu."

Chande alimtazama. Maisha yake yote aliwasikia watu wa bara wakivunja ngeli, wala hakuwahi kumsahihisha mtu. Leo ngeli ilikuja kumshika yeye.

"Ni mzaha, bwana sajini. Mwenzangu hutania."

"Naamini. Biki nimeiona, nimeelewa kabisa. Lakini karatasi imeandikwa. Mkubwa akiniuliza niliona magaidi wanane nikafanya nini, nimwambie nilicheka?"

"Kesho ni chanjo ya watoto, bwana."

"Jumatatu mkubwa atakuwapo. Njoo ueleze." Akaitia karatasi na vijibomba vinane ndani ya bahasha ya kaki, akaandika juu: KIDHIBITI.

Walimkalisha kwenye gogo juani mpaka alasiri, maana jina lake nalo lilipaswa kuulizwa mahali fulani. Alipokuwa hapo, Landrova yao iliwasili ikifuka moshi wa buluu, moshi uleule aliokuwa akiutibu tangu asubuhi. Cornelius alimsogelea pole pole.

"Fundi, hii gari yetu inakula oili vibaya. Shida ni nini?"

Chande aliinusa hewa. "Muulize sajini. Dawa yake ameifunga kwenye bahasha."

Koplo alicheka, kisha akakumbuka kazi yake, akarudi kizuizini.

Alipofika gereji jua lilikuwa limelala. Kichwa cha injini kilikuwa juu ya meza na matundu yake manane matupu. Barafu kwenye karai ilikuwa maji, na wauza samaki walikwisha kwenda zao. Chande alimweleza Mbodze habari yote.

"Yale ya zamani hayawezi kurudi?"

"Mawili yalipasuka nikiyatoa. Na yangerudi, gari lingewafia njiani." Alitaka kusema pole, akaona neno lenyewe ni dogo. "Gari jingine hakuna?"

"Nimezunguka mchana kutwa. Magari ya hoteli yamelala tangu hoteli zilipofungwa, mengine hayana hata betri. Na hospitali hawamkabidhi chanjo mtu wa matatu." Mbodze aliinuka, akaokota ubao wa sanduku la vipuri. "Niandikie tangazo la mlangoni. Mkono wangu una hasira."

Chande alichovya brashi ndani ya rangi nyeusi. Aliandika: LEO HAKUNA CHANJO. Kisha akasita. Angeweza kuandika vipuri. Vipuri ni neno la salama, halijamlaza mtu rumande. Lakini kina mama wangesema fundi Chande alishindwa na kazi, na hakushindwa. Aliandika MAGAIDI, akatulia, brashi ikidondosha rangi kwenye kidole chake cha mguu. Akaendelea: WANANE WA GARI LETU WAMEKAMATWA NA POLISI. Alitazama lile neno wanane, na hakulifuta. Chini yake akatia jina lake, Fundi Chande wa Ukunda, wasihangaike kuuliza.

"Watakurudia," Mbodze akasema.

"Naogopa hivyo. Lakini ndivyo ilivyokuwa."

Asubuhi uwanja wa zahanati ulijaa. Wachache waliojua kusoma waliwasomea wenzao, na minong'ono ikaenda mpaka mwisho wa foleni. Sidi, mama wa mapacha, ambaye alitembea tangu kabla ya jogoo, mmoja mgongoni na mmoja kifuani, aliomba asomewe mara mbili. Alisikiliza, akaitikia kwa kichwa kwa heshima kama aliyepewa habari njema ya nchi.

"Alhamdulillahi, kama wamekamatwa," alisema. "Na surua, sista? Nayo wameikamata?"

Mbodze aliwapima mapacha joto kwa kiganja, mmoja baada ya mwingine, na wa mgongoni alikuwa wa moto.