Karanga za Kuwashia Jiko

Mama Kibogoyo alikuwa akichambua karanga ghalani. Nzuri huku, mbovu kule. Mbovu utazijua tu: zimesinyaa, zimepiga weusi, nyingine zimeota ukungu wa kijani kama manyoya ya panya. Msimamizi alishawaonya kwamba sumu ya ukungu ule haiuawi na moto, inakula ini la mtu polepole. Zilikuwa za kuchomwa.

Wifi yake, dada wa mumewe, akamwomba awe anamletea hizo mbovu za kuwashia jiko, maana karanga ina mafuta, inashika moto upesi. Akawa anambebea mfukoni kila atokapo kazini. Wifi ndiye aliyemwangalizia bintiye akitoka shule, na ndiye aliyeuza pale kibarazani kile kinywaji cha zamani cha mchele na karanga, kizito, kitamu, kinachonukia iliki. Kibogoyo, meno ya mbele hana, alirudi kila jioni na masharubu meupe ya kinywaji hicho, chakula cha nyumbani hataki, analalamika tumbo. Mama akadhani minyoo.

Siku moja ghala lilifungwa mapema. Akapitia uani kwa wifi bila hodi, si ndugu? Wifi alikuwa amechutama mbele ya beseni, mikono imezama hadi viwikoni, anasugua karanga zilezile. Maji yalikuwa ya kijani, yanavutika kama makamasi. Nzi walitanda kwenye kitambaa cha kuchujia, nacho kilikuwa gaguro kuukuu, sketi ya kuvaliwa ndani, pindo limegandamana na machicha ya jana. Uwanja mzima ulinuka godoro lililolowa mvua.

Akauliza, hizi si zilikuwa za jiko? Wifi hakuinua hata kichwa. Akasema karanga nzuri siku hizi hazishikiki, na hizi zikishasagwa nani atazijua.

“Iliki na sukari zinafunika, wifi yangu. Na moto unaua.”

“Hauui. Na mwanangu umemnywesha?”

“Watoto wa watu wote wanakunywa. Au wako ana ini la dhahabu?”

Mama akachota kijiko cha kinywaji kwenye sufuria iliyokuwa mekoni, akaonja. Utamu ulitangulia, ulimi ukadanganyika, kisha nyuma kooni ukapanda uchungu wa kuoza, ukang’ang’ania. Wewe mwenye mtoto, ukikutana na uchungu huo usimeze. Yeye alitema ukutani, akatema tena, na bado ulikuwepo.

Kibogoyo alikuwa ndani, kikombe mdomoni. Mama akampokonya, mtoto akaangua kilio. Wifi akafoka kwamba kaka yake atayasikia haya. Mama akamwambia ayasikie, na aje na pua yake.

Kibarazani wateja walikuwa wakingoja. Akawaambia yote, la ukungu na la gaguro, na kwamba aliyezibeba karanga hizo ni yeye. Wengi wakaondoka wamekunja nyuso. Mwanamke mmoja mwenye mtoto mgongoni akasikiliza mpaka mwisho, halafu akamuuliza wifi kama cha leo kimeshaiva, maana mtoto wake bila hicho halali.

Mama Kibogoyo akambeba bintiye, moja kwa moja hospitali. Njiani mtoto akamtapikia begani, matapishi meupe, mazito, yananukia iliki. Watu wakampisha huku wameziba pua. Hakuyafuta. Alitaka daktari ayaone.