Kasuku kwa Zamu, Kama Choo

Ulimwona. Usiniambie hukumwona. Tundu lilikaa kwenye ngazi za ghorofa ya pili kila asubuhi likingoja mlango unaofuata ufunguliwe, na wewe wa ghorofa ya chini ulipita hapo na beseni lako ukienda juu kuanika nguo. Pazia lilikuwa limeteleza upande mmoja. Ulimwona kasuku amejinyonyoa kifua mpaka ngozi imebaki tupu kama kuku wa Krismasi, ukatoa simu ukajifanya unasoma meseji. Januari ile ya 2008 hapa Gatina, Kawangware, hata kadi za simu zilikuwa zimeisha madukani. Meseji ya nani hiyo?

Na mimi pia niliangalia kando. Tena upuzi wote ule niliubuni mimi.

Kama umesahau, nitakukumbusha, kwa sababu mimi sisahau. Nashon, Baba Whitney, fundi wa mabomba, alikuwa mpangaji wa namba tisa kwa miaka kumi na mmoja. Ndege huyo Nashon alipewa na tajiri mmoja wa Lavington aliyekuwa akihama nchi. Nashon akamwita Diwani, kwa sababu anaongea siku nzima na barabara haitengenezwi. Bomba la nyumba yako likipasuka, ni Nashon uliyemwita. Alikuja na Diwani begani, akakutengenezea, mkacheka.

Jumatatu asubuhi, siku moja baada ya matokeo ya uchaguzi kutangazwa, Nashon aliondoka na mkewe Rosebella na mtoto kwenda kwa nduguye Kisumu Ndogo, kule Kibera. Vijana walikuwa wameanza kupita mlango kwa mlango wakiuliza nani anatoka wapi. Mtu hawezi kukimbia na tundu la chuma, kwa hivyo akagonga kwangu. Yeye ni Mjaluo; mimi ni Mkamba wa Kitui, na wiki ile hakuna aliyekuwa na haja na mimi.

Alinipa maagizo huku akitazama ngazi. Maji yabadilishwe asubuhi na jioni, maana ndege huyu huchovya chakula chake humo na maji yanakuwa uji. Atolewe nje ya tundu saa moja kila siku. Apewe vipande vya mbao avitafune, si vya kuchezea tu, hiyo ndiyo kazi yake. Njugu zisiwekwe kwenye kisahani, zisokomezwe kwenye gunzi la mahindi azitafute mwenyewe. Anyunyiziwe maji kwa chupa iliyotobolewa kifuniko. Ovacado asionje kabisa, kwake ni sumu. Nikawa naitikia kwa kichwa kama mtu anayesomewa matangazo ya kanisa.

"Na usimfunike mchana, Mama Kyalo," alisema. "Ukimfunika mchana anadhani dunia imeisha."

Sasa, shida ya Diwani ilikuwa sauti. Ikifika saa kumi jioni, saa ambayo Nashon alikuwa akirudi kutoka kazini, ndege aliita, "Rosebella, chai iko wapi?" Halafu anakohoa. Sauti ni ya Nashon, lafudhi ni ya Nashon, na kile kikohozi cha sigara ni cha Nashon kabisa. Mtu akiwa chini barabarani angeapa kwamba mwenye namba tisa hajaenda popote.

Tukafanya mkutano juu, katikati ya kamba za nguo. Wagaki wa namba saba, mshonaji, alisema huyu ndege atatuletea watu. Wote wakaitikia. Hapo nikasimama. Mimi nimekuwa nikisimama mikutanoni tangu mwaka wa tisini na mbili. Sikupita darasa la tano, lakini nimesoma kila gazeti lililowahi kufungiwa nyama Kawangware, na mwaka wa tisini na saba ni mimi niliyeleta zamu ya choo, ule ufunguo uliofungwa kwenye kipande cha mbao unaopita mlango hadi mlango, na aliye nao siku hiyo ndiye anayeosha. Nikasema haki sawa, kazi sawa. Diwani afuate ufunguo wa choo. Kila nyumba siku moja, na kila nyumba imfunike. Pazia nikatoa mimi, zito, la buluu, kitu pekee nilichookoa kutoka kibanda changu cha mitumba kabla Soko la Toi halijawa majivu.

Walinipigia makofi. Nikashuka ngazi nimevimba kichwa.

Hebu niambie, ni nani aliyewahi kupenda choo cha zamu? Unakiosha siku yako, ukimaliza unampa mwenzako ufunguo na hutaki kusikia tena habari yake. Ndivyo tulivyomfanyia Diwani. Leo analala namba nne, kesho namba tano, kila siku ukuta mpya na harufu mpya, chini ya pazia. Wa leo anadhani maji yalibadilishwa na wa jana. Wa jana anadhani wa leo atabadilisha. Na kila mmoja, ili asionekane mchoyo, akaleta kile anachopenda yeye. Wekulo wa namba sita, bawabu, alimpa chai yenye sukari. Mimi nilimpa muthokoi, mahindi ya Kikamba niliyotwanga kwa mkono wangu. Mbithi, yule mchonga vinyago, aliambiwa alete mbao za kutafuna. Akamchongea twiga. Twiga mzuri, amepigwa msasa, amesuguliwa kiwi ya viatu mpaka anang'aa kama wa kuuzia watalii. Nilipomwambia ndege hawezi kutafuna kiwi, alinuna siku mbili. Alisema yeye hawezi kumpa mgeni kitu ambacho hakijamalizika.

Siku ya tano Diwani aliacha kuita. Ploti nzima ikashusha pumzi. Wagaki akasema, "Unaona? Amezoea." Nami nikajipongeza.

Siku ya kumi zamu ikarudi kwangu. Nikafunua pazia. Manyoya yalikuwa yamejaa sakafuni mwa tundu, na kifua kilikuwa wazi, chekundu, kina vidonda alipojidonoa. Maji yalikuwa mazito yana nzi. Na pembeni kulikuwa na kipande cha ovacado, cheusi, hakijaguswa. Ni kususa kwake kulikomwokoa, si sisi.

Nikampigia Nashon kwa salio la mwisho. Sikuwa na ujasiri wa kumweleza. Aliuliza kama Diwani anaongea. Nikamwambia ametulia.

"Kasuku hatulii, Mama Kyalo," akasema. "Kasuku akinyamaza, anakufa."

Nikaenda nikachana karatasi ya zamu kutoka mlango wa choo. Nikalitundika tundu dirishani kwangu, upande wa barabara, bila pazia. Nikamnyang'anya Mbithi takataka za karakana yake, vipande vya mwembe visivyopigwa chochote, na yeye akasimama hapo akitazama ndege anararua mbao ovyo ovyo, uso umemkunjamana kama anashuhudia wizi. Nikasokomeza njugu kwenye magunzi. Nikatoboa kifuniko cha chupa ya soda. Asubuhi maji, jioni maji.

Wagaki akanijia juu. Aliuliza je, akianza kuita tena? Nikasema aite. Akasema watapanda. Nikasema wapande. Aliniambia mimi nina mdomo wa mikutano lakini mlango utakaovunjwa si wangu peke yangu. Alisema kweli, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Hatukusemezana siku tatu.

Siku ya nne, saa kumi kamili: "Rosebella, chai iko wapi?" Na kikohozi.

Nilifurahi kwa muda wa kumeza mate mara moja. Kisha nikasikia viatu kwenye ngazi. Vijana watatu, mmoja ana rungu.

"Niaje mathe," akasema mwenye rungu. "Huyo jamaa ako wapi?"

Mimi, niliyesimama kwenye kila mkutano tangu tisini na mbili, nilijikuta nikiendelea kusokomeza njugu kwenye gunzi. Mlango wa namba saba ukafunguliwa. Wagaki akatoka na utepe wake wa kupimia shingoni, sindano bado iko mdomoni. Akaitoa taratibu.

"Mnataka Diwani? Huyo hapo dirishani. Leo hajaoga. Shika hiyo chupa umnyunyizie, lakini si machoni, anauma."

Akamwekea chupa mkononi. Yule kijana hakujua afanye nini na rungu, akalipachika kwapani. Akanyunyiza. Diwani akatanua mabawa yake yote mawili, yale yaliyobaki na manyoya, akapiga kelele ya raha, akajipangusa, akamtazama usoni akamwuliza chai iko wapi. Mmoja nyuma alicheka, akajizuia, akashindwa.

"Kumbe ni wa nani huyu?" akauliza mwenye chupa.

"Wa namba tisa," akasema Wagaki. "Na amesema atarudi."

Walishuka wamelowa. Wagaki akarudi ndani kushona, wala hakunitazama. Alijaribu mara tatu kutia uzi sindanoni, akashindwa. Nilimtilia mimi.

Sasa ni Machi. Wakubwa wa siasa wametia sahihi mapatano na wamepeana mikono kwenye televisheni. Manyoya mapya ya Diwani yamechomoza kama ncha za penseli. Lakini kila Jumapili Nashon hupiga simu kutoka Kisumu Ndogo, ambako wanalala watu wanane chumba kimoja, nami naiweka simu kwenye tundu. Diwani huinamisha kichwa akasikiliza. Hajibu. Simu ikikatika, anang'oa unyoya mmoja mpya, tena anauchagua, na kuudondosha sakafuni. Jumapili iliyopita aling'oa miwili. Magunzi yangu hayawezi kutibu hilo.

Namba tisa iko tupu tangu Desemba. Nashon ameomba arudi. Keyateka, yule msimamizi wa ploti, anasema wapangaji hawamtaki. Wapangaji gani? Ghorofa ya pili tumeandika majina yetu wote wanane kwamba tunamtaka arudi, Wagaki wa kwanza, Mbithi kwa herufi alizozichora kama anachonga. Limebaki jina lako, wewe wa chini, na leo saa nne keyateka anamleta mpangaji mwingine kutazama chumba.

Weka hiyo simu mfukoni. Karatasi iko kwangu, mezani, na kalamu iko juu yake. Usiseme kesho. Panda sasa hivi uandike jina lako, na ukija, njoo na maji safi, kikombe cha Diwani kinangoja.