Mtamba wa Bahati Nasibu

Asubuhi ya siku ya mnada Hyasinta aligawa uji usio na sukari, kama alivyogawa jana na juzi, na wazee wakaupokea bila kuuliza. Sukari ilikuwa imepotea madukani Karatu tangu Kwaresima. Mafuta ya taa yalipatikana kwa kujuana, na Hyasinta hakujuana na mtu. Alikuwa mpishi tu wa nyumba ya wazee, na siku ambazo kuni hazikuletwa alikuwa mkata kuni pia.

Aliwaambia kwamba tiketi zikiuzwa vizuri leo, unga utakuwepo. Zisipouzwa, asiulizwe yeye.

Nyumba ile iliishi kwa bahati nasibu. Serikali ilitoa mabati, wananchi wakafyatua matofali, halafu likaja swali la nani atawalisha wazee, na kila mtu akatazama pembeni. Ndipo Piusi, katibu wa kamati, akabuni tiketi za shilingi mbili na zawadi ya mtamba mmoja, ng'ombe jike ambaye hajazaa bado. Mwanzoni watu waligombania. Madereva wa watalii walinunua, walimu walinunua, hata Wamasai walioshuka kutoka Ngorongoro na mbuzi wao walinunua. Mshindi wa kwanza alikuwa mwenye duka. Akamrudisha mtamba mbele ya umati, kwa ajili ya wazee, akapigiwa makofi mpaka machozi yakamtoka. Wa pili alikuwa mwalimu mkuu, naye angefanyaje? Wa tatu, dereva, alisitasita kidogo, akazomewa hadi akaiachia kamba. Basi ikawa desturi: mshindi anaondoka na makofi, mtamba anarudi kuchezeshwa upya. Lakini watu si wajinga. Tiketi zikaanza kumbakia Piusi mkononi, na uji ukaanza kuwa mwepesi.

Bibi Antonia alinunua tiketi yake kwa pesa ya kamba za katani alizosokota mwenyewe. Wenzake walimcheka. Mzee Raphaeli, aliyepofuka macho lakini si mdomo, alimwambia heri angenunua chumvi wote wakailamba. Antonia alimtaka ng'ombe, basi. Si wa kuuza, wala wa kujionyeshea. Alikulia katika nyumba ambamo watu walilala darini na ng'ombe wakalala chini yao, na baridi ya Julai iliishia mlangoni. Hhando, mumewe, alikuwa akijigamba kwamba gizani anaweza kumtambua kila ng'ombe wake kwa pumzi tu. Kisha ikaja Operesheni Vijiji, wakahamishwa. Josho la mifugo likaishiwa dawa, ugonjwa wa ndigana ukawamaliza ng'ombe, na Hhando naye hakukawia kuwafuata. Sasa Antonia alilala kwenye kitanda cha chuma, katika chumba cha saruji kisichonuka chochote. Kila alipojifunika blanketi alitega sikio, akasubiri pumzi za chini. Zilikuwa hazipo, na hilo lilimuuma kuliko baridi yenyewe.

Mnadani, Piusi alipanda juu ya meza na debe lake la vipande vya tiketi. Mtamba mwekundu alikuwa amefungwa pembeni. Kusema kweli hakuwa mtamba tena. Alikuwa akitunzwa kwa Piusi, akapata mimba kwa Piusi, akazaa kwa Piusi, na leo ndama wake alikuwa ameachwa nyumbani. Ila tiketi zilichapwa zamani, nazo ziliendelea kusema mtamba mmoja. Mchuuzi wa mitumba aliuliza tangu lini mtamba akawa na kiwele kama kile. Watu wakacheka, na Piusi akacheka nao, kisha akatumbukiza mkono ndani ya debe.

Namba ilikuwa ya Antonia. Watu wakamsukuma mbele, fimbo mkononi, akafika, akaishika kamba. Piusi akainama sikioni mwake.

"Bibi, sema unamrudisha. Neno moja tu, watu wapige makofi."

"Nimeshinda. Ni wangu."

Piusi akamkumbusha kwa upole kwamba ile ni nyumba ya wasio na mali. Mwenye ng'ombe akatafute kwake. Antonia akasema atamfunga nyuma ya jiko la Hyasinta. Maziwa yataingia kwenye uji wa wote, kila siku, na hakuna atakayesumbuliwa tena kununua tiketi. Aliyasema haya taratibu, maana alikuwa ameyafikiria siku nyingi. Piusi akatabasamu. Kanuni za mfuko wa wazee zilitaja bahati nasibu, akasema, hazikutaja maziwa. Na kamati haikuwa na pesa ya kununua mtamba mwingine. Bila ng'ombe hakuna mchezo, bila mchezo hakuna unga.

Wengi katika umati walitamani asiiachie ile kamba, lakini hakuna aliyetamka.

Aliyetamka ni Raphaeli, ameshikwa mkono na Hyasinta.

"Antonia," aliita, "kesho tutakunywa nini?"

Hakumwuliza kwa ubaya. Alikuwa na njaa na alitaka kujua. Antonia akamtazama, akawatazama wale wengine waliokaa kwenye nyasi wakijifunika mashuka, akailegeza kamba.

"Namrudisha," akasema.

Makofi yalikuwa machache. Mchuuzi wa mitumba, aliyekuwa amekwisha kutoa shilingi mbili za tiketi ya mchezo ujao, alizirudisha mfukoni akaenda zake, na wengine wakamfuata.

Antonia aliomba ampeleke ng'ombe yeye mwenyewe, na Piusi, kwa furaha ya kushinda, akamruhusu. Walitembea polepole. Alizungumza na ng'ombe Kiiraqw njia nzima, mkono shingoni. Walipofika kwa Piusi, ndama alilia zizini, na Germana, mke wa Piusi, akatokea na kibuyu cha kukamulia. Alipomwona bibi, alisimama.

"Karibu, bibi," akasema akitazama chini.

Antonia akanyoosha mkono, na Germana akampa kibuyu. Alimwachia ndama anyonye kwanza. Kisha akachuchumaa, akaegemeza paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe, akakamua. Pale ndipo alipolia. Alimlilia Hhando, akaililia nyumba yake, akaulilia ule mkono wake uliokuwa haujasahau. Kibuyu kilipojaa, akamwachia ndama yaliyobaki na kuinuka.

Piusi alikuwa langoni na debe lake.

"Bibi, hayo maziwa yanakwenda wapi?"

"Kwa wazee."

"Kamati haijakaa kuhusu maziwa. Huwezi kujichukulia tu."

Antonia akajifunga shuka vizuri, kibuyu ndani.

"Tiketi yako inasema mtamba, Piusi. Mtamba hana maziwa. Kwa hiyo hapa sijabeba kitu, na kesho nitakuja kutobeba kitu tena."

Piusi akamgeukia mkewe amsaidie kusema. Germana alikwisha kulifungua lango. Antonia akapita katikati yao, na joto la maziwa likamfikia ubavuni.