Kelele ya Mwinukoni

Wifi yangu alipoingia karakanani siku ile hakunisalimu. Aliegemeza baiskeli kwenye meza yangu ya kazi, akavua helmeti, akasema, "Wifi, hii baiskeli yako inalia."

"Ikilia ni yangu," nikamjibu. "Ikikushusha mlima watu wakapiga makofi, ni yako."

Alicheka, lakini kicheko cha juujuu. Huyu wifi yangu ni mdogo wake mume wangu, mpima ardhi kwa kazi na mwendesha baiskeli za milimani kwa wazimu. Siku za kazi anapanda vilima na kipimo chake cha miguu mitatu begani. Siku za mapumziko anavipanda tena vilevile kwa baiskeli, ili tu apate kuvishuka. Mashindano yao wanayaita enduro. Kupanda hakupimwi muda, kila mtu ajipandishe kwa pumzi zake. Kinachopimwa ni kushuka, kwenye mawe, mizizi na makorongo, na anayewahi kufika chini ndiye bingwa. Jumapili ya wiki ile ilikuwa mbio ya mwisho ya msimu. Wifi yangu alikuwa wa pili, akimpumulia wa kwanza kisogoni.

Baiskeli ile nilimchagulia mimi, ndiyo maana maneno yake yalinichoma. Yeye alikuwa ameipenda nyingine, ya rangi ya machungwa, yenye shokapu ndefu utadhani pikipiki. Nikamwambia shokapu ndefu ni tamu wakati wa kushuka tu, kupanda utaibeba kama mtoto mkubwa anayedeka. Nikamkalisha kwenye fremu moja baada ya nyingine mpaka nikapata ambayo akisimama juu ya pedeli mgongo unakaa sawa na mikono haijanyooka kama ya mlevi anayesukuma ukuta. Kisha nikaja kwenye upepo. Shokapu ya nyuma unaijaza kidogo kidogo, mwenyewe akikaa izame robo yake na kitu, isizidi. Halafu unarekebisha inavyorudi, isimrushe kama punda na isilale kama mgonjwa. Kazi ile niliifanya kwa mkono wangu, na hakuna mtu aliyewahi kuitia dosari.

"Inalia lini?" nikamuuliza.

"Nikipanda. Nikiwa nimekaa, nikikanyaga kwa nguvu. Kra. Kra. Kila mzunguko, upande wa kulia."

Basi, hapo nikanasa. Baiskeli ikilia mimi chakula hakishuki. Rimu iliyopinda unaiona kwa macho, tairi lililoisha unaliona, lakini kelele ni umbea: kuna kitu kimetokea mahali na hutaambiwa wapi. Huenda ni bolti imelegea. Huenda ni beringi imekauka, au mchanga umejipenyeza.

Au fremu imepasuka. Hilo ndilo lililonitisha. Fremu ya alumini haikuagi. Inaanza na ufa mwembamba kama unywele, pale ilipochomelewa, inalia wiki, inalia mwezi, kisha siku uko mteremkoni na mawe yanakimbia chini yako, inakatika. Nimewahi kuletewa moja iliyokatika hivyo. Mwenyewe alishuka na meno machache kuliko aliyopanda nayo.

"Dalili ya mvua ni mawingu," nikamwambia. "Nisipoipata hii kelele, Jumapili huendi."

"Na ukiipata?"

"Nikiipata, nenda kawatoe jasho."

Akanyoosha mkono. Tukapeana kama watu wanaouziana ng'ombe.

Nilianza na vitu vya kitoto, maana mara nyingi mwizi ni wa nyumbani. Pedeli nikazifungua, nikasugua nyuzi za skrubu zake, nikapaka grisi, nikazirudisha. Mnyororo nikauosha. Bomba la kiti nikalichomoa, likatoka na mchanga, nikafurahi kweli, nikadhani nimemkamata. Wifi akaichukua akapanda ule mwinuko ulio nyuma ya karakana, wa kwenda kwenye matangi ya maji. Hata hajafika katikati nikamsikia. Kra. Kra.

Kesho yake nikaenda kwenye beringi za katikati, pale mikono ya pedeli inapoingilia. Nzima. Nikaenda kwenye maungio ya nyuma. Baiskeli ya shokapu mbili nyuma yake haijatulia kama ya kawaida. Imeungwa vipande vipande ili gurudumu lipande na kushuka lenyewe, na kila ungio lina bolti yake na beringi zake. Nilifungua yote. Nikavipanga vipande juu ya kitambaa kwa mfuatano, nikaviosha, nikavijaza grisi mpya, nikavikaza kwa spana ya kipimo, ile inayobofya mkononi kukwambia imetosha kabla hujaharibu. Mume wangu alipita kuniletea chakula, akakuta baiskeli ya dada yake imetandazwa mezani.

"Mama, hii itarudi kuwa baiskeli?" akauliza.

"Dada yako akirudi kuwa na adabu."

Nikaipaka fremu chaki ya unga, nikaifuta taratibu, maana penye ufa chaki hubaki imejichora mstari. Nikawasha taa, nikapitisha jicho kwenye kila mshono. Ilikuwa safi kama sahani ya mgeni.

Halafu nikaipanda mwenyewe. Nikakwea ule mwinuko wote nimekaa, nakanyaga kama mtu aliyeona nyoka. Kimya. Si kra, si kri. Wanasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mimi nililala, nikageuka, na kunguni sikumwona.

Nikasema labda ni uzito. Wifi yangu amenizidi kimo na mifupa, na kuna kelele ambazo hazitoki mpaka zielemewe. Nikajaza minyororo mikuukuu kwenye begi, nikalibeba mgongoni mpaka tukalingana, nikaongeza upepo kwenye shokapu, nikapanda tena. Jirani yangu fundi cherehani akatoa kichwa dirishani.

"Mama Spana, unahama?"

"Nahama ujirani wako!"

Kimya tena. Nikamwita wifi, akapanda yeye, na hapohapo: kra, kra, kra. Wakati huo hata hasira sikuwa nayo tena. Nilikuwa na hamu tu ya kujua, hamu ya kitoto, ile ya kutaka kumpasua mwanasesere uone kilichomo tumboni. Baiskeli ni moja, mwinuko ni mmoja, uzito ni uleule. Kwangu bubu, kwake msemaji. Inajuaje aliyekaa juu yake?

Ijumaa ikafika, na Jumapili inagonga mlango. Nikamwambia wifi, "Leo panda polepole. Mimi nakimbia ubavuni."

"Utaanguka."

"Nikianguka utaniokota. Panda."

Akapanda. Nikakimbia nimeinama, mkono mmoja umeshika kiti chake, sikio nimelielekeza kwenye fremu. Fundi cherehani safari hii alitoka nje kabisa, na mkasi wake mkononi.

"Baiskeli ina mimba ya miezi mingapi, Mama Spana?"

Nilipeleka sikio kwenye beringi za katikati, kelele ikawa mbali. Nikalipeleka nyuma kwenye maungio, ikawa mbali zaidi. Nikachoka, mgongo ukaniuma, nikainuka kidogo nipate hewa, na hapo ikanilia shavuni. Kra. Karibu kabisa, kana kwamba mtu amevunja kijiti sikioni mwangu. Nikaangalia. Pale hapakuwa na chuma. Palikuwa na mguu wa wifi yangu tu, ukipanda na kushuka.

Nikaachia kiti, nikasimama. Yeye akaendelea mizunguko michache, kisha akasimama pia. Hakugeuka.

"Shuka," nikamwambia. "Chukua yangu."

Yangu ni chuma cha zamani, haina shokapu hata ya dawa, na nyuma ina kibebeo cha mizigo. Inanitoa nyumbani na kunirudisha, basi.

"Hilo dude? Watu wakiniona je?"

"Watu wamekuona na mengi. Panda."

Akaanza kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa. Akavuta glavu, akazivaa upya. Akanywa maji. Mtu havuti muda namna ile kwa jambo asilolijua. Mwishowe akapanda, akakaa, akaanza kukwea, na lile dude langu, ambalo kwa miaka yote halijawahi kunitolea sauti ile, likalia. Kra. Kra. Kra.

Alirudi akiisukuma kwa mkono. Akaiegemeza ukutani taratibu, kama mtu anayelaza mtoto.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Muda."

"Inauma?"

"Nikishuka ngazi. Nikiinuka chini. Kupanda siyo sana."

"Na ukaniacha nifungue kila bolti!" Kitambaa nilichoshika nilikitupa mpaka mlangoni. "Nimekuoshea beringi kama mtoto mchanga! Nimebeba minyororo mgongoni, jirani ananicheka! Ungeniacha nibandue mpaka rangi?"

"Nilitaka iwe baiskeli," akasema.

Nikaenda kukiokota kitambaa mlangoni.

"Kila ulipofungua kitu, wifi, nilikuwa naomba kiwe hicho. Hata fremu. Niliomba iwe imepasuka."

Hasira ikaniisha yote, ikabaki huruma, na huruma mimi huwa sijui niiweke wapi. Nikavuta kigoda, nikamkalisha. Akasema akienda hospitali ataambiwa goti, na ofisini wakisikia goti watamweka mezani achore ramani za vilima walivyopanda wenzake. Mpima asiyepanda ni karani, akasema, na yeye hakusomea ukarani.

"Na usinianzie ile methali ya mficha maradhi," akaongeza.

Ilikuwa tayari iko ulimini. Nikaimeza.

"Halafu umeipata kelele," akasema, na sasa akanitazama usoni. "Tulipeana mkono. Ulisema ukiipata, naenda."

Ni kweli nilisema. Na sijawahi kutengeneza baiskeli nyingine ikawa nzima kama ile. Kila beringi mpya kwa grisi, kila bolti kwa kipimo chake.

"Mkono nilitoa kwa ajili ya baiskeli," nikamwambia. "Baiskeli iko tayari, iende hata sasa hivi. Shida ni nani wa kwenda nayo."

Nikanawa mikono kwa sabuni, nikarudia, nikachuchumaa mbele yake, nikaweka kiganja juu ya goti.

"Kunja. Kunjua."

Niliisikia chini ya kiganja kabla ya masikio kuisikia. Ilikwaruza kama mlango uliokanyaga mchanga. Na akili yangu, kwa mazoea, ikaanza safari yake: kimelegea nini, kimekauka nini, kimeingia nini, panafunguliwa wapi. Nilitafuta pa kushika spana. Wifi alikuwa ananikodolea macho, vilevile wateja wanavyonikodolea nikiwa nimeinamia baiskeli zao.

"Eh, fundi? Ni nini?"

Mteja sijawahi kumwambia sijui. Nikizidiwa huwa nasema iache, upitie kesho. Lakini huyu alikuwa mtoto wa nyumbani, na goti haliachwi karakanani.

"Sijui, wifi," nikasema. "Huenda ni kiti tu kimekaa chini kuliko mguu wako unavyotaka. Huenda ni kitu kikubwa. Mimi sijui, na kubahatisha kwangu hakutakusaidia."

Akatazama goti lake kwa muda, kiganja changu kikiwa bado juu yake.

"Mama alikuwa anasema ni viatu," akasema.

Mama yao, mama mkwe wangu, nimemkuta hivyo alivyo: kwenye kiti karibu na dirisha, na akitaka kwenda chumbani anatembea kwa kushika kuta. Sikuwahi kuuliza ilianzaje.

"Kila jozi aliyovaa ilikuwa inamwumiza," wifi akaendelea. "Hii ngumu, hii inabana, hii kisigino kirefu. Anamgawia mtu, anatafuta nyingine. Uvunguni kwake palijaa viatu." "Na sisi watoto tulikuwa tunamcheka. Tulidhani anapenda viatu."

Nje fundi cherehani alikuwa amesharudi kwenye mashine yake, inasikika ikikimbia. Wifi yangu akafuta uso kwa glavu, akashika ukingo wa meza, akainuka, na safari hii alipoumia hakuficha, aliguna, nikamsikia.

"Funga karakana," akasema. "Nipeleke hospitali kabla sijabadilisha mawazo."

Nikachukua funguo.