Jina Katika Ubeti wa Mwisho

Mgeni alibisha hodi wakati Fundi anapachika sindano ya tano siku hiyo. Nne zilikuwa zimekatikia kwenye sare za shule, kitambaa kigumu kama turubai.

"Karibu. Kama ni sare, foleni ni wiki mbili."

"Si sare, dada. Namtafuta Malenga. Nasoma prufu, zile kurasa za kusahihishwa, kwenye kampuni inayochapa diwani yake ya mashairi."

Malenga alikuwa kaka yake Fundi na mwenye nyumba. Fundi alihamia kwake alipofiwa na mume, miaka kumi na moja sasa, akapewa kona ya baraza na cherehani yake.

"Ametoka. Kuna nini?"

Mgeni, binti mwenye wino vidoleni, akatoa karatasi. "Kwenye shairi la mama na mwanawe hospitali, mpiga chapa aliruka mstari mmoja, na mswada hauonekani. Nikampigia Malenga, akanitungia mwingine papo hapo. Mizani imetimia, vina vimekaa, lakini ubeti umekufa."

"Kakupa upi?"

"*Machozi machoni mwake, kama maji ya bombani.*"

Mguu wa Fundi ulisimama kwenye kanyagio. "Bomba gani? Si hivyo. *Joto likahama kwake, likahamia nguoni.* Sikulia mimi. Mwanangu alinifia mikononi nikiwa namba themanini na mbili. Niliogopa nikilia watanitoa kwenye foleni."

Alipotambua amesema nini, maneno yalikuwa yameshatoka. Binti alishusha karatasi yake.

"Diwani yote ni yako?"

"Si yote. Kila ubeti wa mwisho ni wa kaka. Ule anamojitaja jina."

Binti hakucheka. "Jalada siwezi kuligusa. Lakini shairi hili moja, niletee ubeti wako wa mwisho, wenye jina lako. Kesho saa nne, kabla kurasa hazijaingia mitamboni. Nitakufikisha kwa mkurugenzi. Zaidi ya hapo siahidi kitu."

"Mimi naahidi," Fundi alisema. "Nitakuja."

Jioni alimweleza kaka yake mwenyewe. Hakutaka ayasikie pembeni. Malenga alicheka mpaka akakohoa.

"Jaladani kuna picha yangu, dada. Wewe nikuweke wapi, begani?"

"Nataka ubeti mmoja tu."

"Mambo haya yana wenyewe. Baba alinikalisha mimi sebuleni akanifundisha mizani. Wewe ulikuwa jikoni."

"Nilikuwa nasikiliza."

"Watu watasema Malenga analishwa maneno na mwanamke."

"Kwani hulishwi, kaka?"

Kicheko kilimkauka. Alizungumza polepole, kwa ile sauti aliyoitumia jukwaani. "Mtu aliyekufungulia mlango ulipokosa pa kulala humjibu hivyo. Haya. Ukiikanyaga ofisi ile kesho, nyumba hii usiikanyage tena."

Asubuhi Fundi alikuta cherehani imefungiwa stoo, sare zimerundikwa sakafuni, nyingine bado hazina mikono. Alizikunja moja moja, akaandika jina la kila mwenyewe kwenye kipande cha karatasi na kulibana kwa pini. Kisha akachukua fuko la nguo zake akaondoka kwa miguu.

Saa nne kasorobo alikuwa kwenye ngazi za kampuni. Binti wa prufu alimpokea mlangoni, akamfikisha ofisini kama alivyosema, akabaki ukutani, macho chini. Malenga alikuwa ameshaketi, kikombe cha chai mkononi.

"Mama, jambo hili tumeshalimaliza na kaka yako," mkurugenzi alisema kwa upole. "Ni jambo la kifamilia."

"Niliahidi kuleta ubeti. Nimeuleta."

Hakuambiwa aketi. Alifungua karatasi na kusoma amesimama. Mstari wa kwanza ulikuwa na jina lake. Wa pili ulikuwa na jina la mwanawe. Mkurugenzi alikuwa anagonga vidole mezani.

"Huo wa pili umepungua mizani moja."

"Haujapungua. Hesabu tena."

Malenga aliweka kikombe chini ili naye ahesabu. Vidole vya wanaume wawili vikawa vinapanda na kushuka mezani, midomo ikichezacheza, na hakuna aliyeuliza mtoto alikuwa na umri gani.

Fundi akaendelea na mstari wa tatu.