Uzi Mwekundu wa Ntirampeba

Ineza Nduwayo alipewa siku kumi na nane za kujua kwa nini watu wa Ngara na Biharamulo hawanunui raba za Talvo, na hadi siku ya sita alikuwa hajakutana na mtu hata mmoja anayezijua.

Kampuni iliyomtuma ilikuwa Mwanza, ghorofa ya tatu, nayo ndiyo iliyokuwa na kibali cha kusambaza Talvo Kanda ya Ziwa yote. Duniani kote raba hizo ziliuzwa kama njugu. Meneja wa mauzo, Bwana Ngeleja, alimwonyesha mchoro kwenye kompyuta yake: mstari wa Asia ukipanda, wa Ulaya ukipanda, wa Afrika Mashariki ukijikokota kama mgonjwa, na chini kabisa, peke yake, ule wa Kagera. Robo mwaka nzima, duka lao la Biharamulo lilikuwa limeuza jozi kumi na moja.

"Nenda kwenu," alimwambia. "Wewe watakuambia ukweli."

Taarifa ikiwa nzuri, kibarua kingegeuka ajira. Ineza alikuwa amemaliza chuo miaka miwili nyuma, shahada ya biashara, na tangu hapo alikuwa akiuza maharage na mama yake, Domisiana, katika gulio la Kasulo. Hakuhitaji kubembelezwa. Tena aliamini, kwa moyo wake wote, kwamba mtu akiandikwa vizuri kwenye karatasi, wakubwa wakaisoma, mambo yake hunyooka.

Swali la kwanza kwenye fomu lilikuwa: Je, unaifahamu Talvo? Pale Kasulo watu sitini walijibu hapana. Mama mmoja muuza dagaa aliuliza kama ni dawa ya minyoo, na tangu hapo kila Ineza alipopita na fomu zake wanawake walishika matumbo na kuomba kidonge.

Jumapili alikwenda Murusagamba. Njia ilikuwa mbaya, pikipiki ikazama kwenye tope mara mbili, na alipofika misa ilikuwa imeshaanza na kanisa limejaa hadi ngazini. Akakaa nje kusubiri. Watu walipotoka aliinamisha macho, maana alikuwa na aibu ya kuonekana kakosa misa, na hapo ndipo alipoona. Mguu baada ya mguu, ubavuni mwa kiatu, mistari miwili iliyopinda na kuelekeana. Alama ya Talvo, ile ile ya kwenye bango la ofisini. Alihesabu jozi mia za kwanza kushuka ngazi. Arobaini na moja zilikuwa nayo.

Alimkimbilia kijana mmoja na kumuuliza amevaa raba gani. Kijana alimtazama kama mtu anayeuliza jina la jua.

"Pembe," alisema.

Walizipa jina hilo kwa sababu mistari ile ilifanana na pembe za ng'ombe wa kwao, zile ndefu zinazopinda kuelekea juu. Ineza aliuliza zinanunuliwa wapi. Kijana alicheka. Kwa Ntirampeba, njia panda ya Lusahunga. Kwani yuko mwingine?

Ineza alimjua Ntirampeba. Mzee huyo na marehemu baba yake walivuka mpaka pamoja kutoka Burundi wakiwa vijana, wakigawana blanketi moja, na viatu vyote alivyovaa Ineza shule ya msingi vilipita mikononi mwake. Kesho yake asubuhi alimkuta pale pale, kwenye kibanda cha mabanzi ng'ambo ya maegesho ya malori, miwani imefungwa kwa waya, msharasi wake wa kushonea viatu mkononi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, binti wa Nduwayo. Umekuja na viatu au umekuja na njaa?"

Alikuwa na muhogo wa kuchemsha, wakaula pamoja. Ineza alipomweleza kazi yake, mzee hakuficha kitu. Madereva wanaokwenda Rusumo walimshushia raba chakavu, zile ambazo hata wauza mitumba wamezikataa, juu nzima, chini hakuna. Yeye alikata soli kwenye tairi la lori, akaishona kwa mkono mshono wa kuzunguka mara mbili, kisha akachukua uzi mweupe na kuzishona upya pembe zilizobanduka. Kiatu hicho kilipanda vilima vya Ngara miaka mitatu. Kile cha dukani, alisema bila dharau yoyote, kilikuwa kizuri sana kwa mtu anayekaa.

Ineza aliuliza kwa nini anarudisha pembe.

"Bila pembe hawanunui," mzee alisema. "Ng'ombe asiye na pembe hata kwenye mahari watamnung'unikia. Lakini simdanganyi mtu. Tazama."

Alivuta ulimi wa kiatu, akaugeuza. Ndani, chini kabisa, kulikuwa na mshono mdogo wa uzi mwekundu, michomo miwili tu ya sindano. Kila jozi iliyotoka kwake ilikuwa nao. Mtu akiuona ajue kiatu kimepita kwa fundi, na kikifumuka ajue aje amgombeze nani.

Ineza aliushika ulimi ule kwa vidole viwili. Hapa palikuwa na jibu lote. Watu hawakuikataa Talvo. Waliipenda, ila waliihitaji na miguu ya tairi. Akaona kampuni ikimletea mzee ngozi nzuri na mashine, akaona kibao juu ya kibanda. Akaomba kumpiga picha na kuandika jina lake.

Ntirampeba aliweka msharasi chini. Alikuwa mtu aliyewahi kuandikwa kwenye orodha nyingi, na si kila orodha ilimletea heri.

"Hao watu wako," aliuliza taratibu, "wakishasoma, watanifanya nini?"

"Watakufanya wakala wao, baba."

Hakuna aliyemtuma aseme hivyo. Hata baadaye, alipojaribu kukumbuka kama Bwana Ngeleja aliwahi kudokeza jambo la namna hiyo, hakupata hata nusu ya neno. Alikuwa amelitunga mwenyewe, palepale, kwa sababu alitaka liwe kweli. Mzee akakubali. Binti wa Nduwayo alikuwa amesoma. Kama yeye hajui, nani ajuaye?

Taarifa ilikuwa na kurasa kumi na nne. Ineza aliandika usiku na mchana, na kila sentensi ilikuwa kweli. Aliweka jina la mzee kamili, kibanda kilipo, jozi anazouza kwa mwezi, namna anavyorudisha alama. Ukurasa wa tisa aliweka picha: Ntirampeba anacheka, kiatu mkononi, ulimi umevutwa nje, uzi mwekundu unaonekana wazi. Chini yake akaandika kwamba hivi ndivyo mtu anavyoweza kuitambua kazi ya fundi huyu.

Bwana Ngeleja alimpigia simu baada ya siku tatu. Alisema amefanya kazi kubwa kuliko aliyotumwa, na mkataba wake uko tayari. Alhamisi ya wiki ijayo wangekwenda pamoja kumtembelea fundi. Ineza hakuuliza kumtembelea kwa ajili gani. Alimpigia mzee palepale, akamwambia wageni wanakuja, apange kila kitu mbele, asiache hata jozi moja guniani, waone ukubwa wa kazi yake.

Alhamisi hiyo walitoka Biharamulo mjini saa tatu asubuhi. Ineza alikaa kiti cha mbele, amevaa gauni la mahafali. Nyuma yao lilikuja gari jingine na maofisa wanne na askari mmoja, na alipouliza, Bwana Ngeleja alisema ni wa ukaguzi, utaratibu wa kawaida. Akaridhika. Jambo hilo pia lilimrudia baadaye: jinsi alivyoridhika haraka.

Kibanda kilikuwa kimepakwa chokaa. Ntirampeba alivaa koti lake la kanisani juani, na mbele yake, juu ya mikeka mitatu ya kuazima, zilipangwa raba zote alizokuwa nazo, zimeoshwa, kamba zimefungwa, pembe zote zikielekea barabarani. Jozi sitini na tatu. Aliweka viti na kreti ya soda. Mkewe, Esperansia, alisimama nyuma yake, mikono imekunjwa kwa adabu.

"Karibuni," alisema mzee. "Karibuni sana wageni wangu."

Ofisa mmoja alichuchumaa bila kusalimia. Akachukua kiatu, akavuta ulimi, akautazama, akakitupa kwenye kiroba. Akachukua kingine. Hakuhitaji kuuliza lolote. Alijua pa kuangalia. Mwenzake alisoma kutoka kwenye karatasi kwamba ni kosa kutengeneza na kuuza bidhaa zenye alama ya mwenye mali bila idhini yake. Ineza aliitambua karatasi ya pili aliyoshika. Ilikuwa ukurasa wa tisa.

Alimshika Bwana Ngeleja mkono, akamwambia wamekosea, hakuandika hivyo, aliandika kumsifu. Meneja hakuwa mtu mkali. Alisema kwa sauti ya chini kwamba kila jozi pale ni jozi ambayo duka lao halikuuza, na kwamba yeye Ineza ndiye aliyeipigia hesabu.

"Ndiye huyu?" ofisa alimuuliza Ineza, akionyesha picha.

Mzee ndiye aliyejibu.

"Ndiye mimi. Msimsumbue mtoto."

Walichukua jozi zote, nyuzi, msharasi na kalibu za mbao za kuumbia viatu alizochonga mwenyewe. Mzee alitia dole gumba kwenye karatasi ya ahadi kwamba hatashona alama ile tena. Walipoondoka mikeka ilibaki imetandikwa, na soda hakuna aliyekunywa.

Ineza alitaka kuacha kazi siku ileile. Hakuacha. Alijiambia akiwa ndani ataweza kusema neno, na kweli aliandika barua mbili kwenda juu, ndefu, zenye adabu. Hazikujibiwa. Mwezi wa nne baada ya siku ile akatumwa tena: ahesabu upya, ionekane soko limepanda kiasi gani tangu bidhaa bandia ziondolewe.

Alikaa kwenye ngazi zilezile za kanisa la Murusagamba. Katika jozi mia, pembe zilikuwa sita, nazo zimechakaa. Waliobaki walivaa viatu vya plastiki vya rangi ya samli, au kandambili. Duka la Biharamulo, robo mwaka ile, lilikuwa limeuza jozi tisa. Aliandika hivyo hivyo kwenye taarifa ya pili, ukurasa mmoja tu, na chini yake akaandika kwamba raba hii ilikuwa na watu wanaoipenda Ngara na Biharamulo, na kwamba mtu aliyeiweka miguuni mwao ni mmoja, na sisi tukamzuia. Safari hii hakuandika jina la mtu yeyote ila lake mwenyewe.

Kisha akarudi nyumbani Kasulo na kumwambia mama yake anataka kwenda kumwomba mzee radhi. Domisiana alikuwa akipepeta maharage. Hakuinua kichwa.

"Usiende na maneno," alisema. "Maneno ndiyo uliyokwenda nayo kwanza."

Kwao mtu aliyekosa huenda na pombe. Domisiana alitafuta rubisi, pombe ya ndizi, dumu moja la ile iliyokaa vizuri, akalifunika kwa jani la mgomba, akakata mirija miwili. Ineza alishuka nayo Lusahunga mchana. Njiani soli ya kiatu chake cha kushoto, raba ya Talvo waliyopewa wafanyakazi wote, ilifunguka mdomo, akawa anaiburuta.

Ntirampeba alikuwa akikata makatambuga, ndala za tairi zisizo na alama yoyote. Chokaa ya kibandani ilikuwa imeanza kubanduka. Alipokea salamu, akapokea dumu kwa mikono miwili, akalitia mrija mmoja, akavuta kidogo, akampa. Ineza akavuta. Malori matatu yakapita barabarani. Ndipo Ineza aliposema kwamba siku ile aliahidi kitu ambacho hakikuwa chake kuahidi, na kwamba haombi jambo hilo lisahaulike.

"Baba yako naye alikuwa hivyo," mzee alisema. "Tukiwa tunavuka, aliniambia ng'ambo tutapewa mashamba. Nani alimwambia? Hakuna." Akacheka kidogo. "Lakini nilivuka. Lete hicho kiatu."

Ineza akakivua, akampa. Mzee alifanya kazi kwa msharasi mpya, mshono wa kuzunguka mara mbili, bila haraka. Pembe upande mmoja zilikuwa zimelegea, hakuzigusa. Alipomaliza akafuta vumbi kwa kiganja na kumrudishia. Ineza alivuta ulimi, akaugeuza, akatafuta kwa kidole. Hapakuwa na kitu.

"Uzi mwekundu umeisha, baba?"

"Upo."

Alionyesha kwa kidevu. Ulikuwa umening'inia kwenye msumari, kibunda kizima.

"Basi weka. Kikifumuka nijue nimrudishie nani."

Ntirampeba alichukua kipande kingine cha tairi na kuanza kukichora kwa chaki.

"Wewe unanijua," alisema. "Wengine wasinijue."

Ineza alivaa kiatu chake. Kilikuwa imara, mguu ulitulia ndani yake. Alibaki amekaa kwenye benchi la kibanda, dumu kati yao, akingojea aone kama mzee ataunyooshea mrija mkono tena, anywe naye. Na baada ya muda mrefu, bila kumtazama, mzee akaunyoosha mkono.